Chungu Kilipogusa Unga

Mpwa wangu Somoe,

Watu wakiandika barua huanza na salamu ukurasa mzima ndipo waseme lililowakalisha chini. Mimi salamu nitakupa kesho kwa mkono. Leo nimekaa uani kwangu na karatasi nilizoomba kwa mwalimu wako. Kalamu ya risasi nimeichonga kwa kisu cha muhogo. Nina jambo moja tu, nalo ni lile ulilolisema jana mbele ya mama yako: "Siendi shule. Nitabaki kumtunza mama."

Mama yako aliinua ungo akaendelea kupeta. Baba yako akatoka nje kama mtu aliyesikia mbuzi kafunguka. Na mimi, mjomba wako, ambaye mkunga aliapa kwamba nilizaliwa nikiwa katikati ya maongezi, nilinyamaza. Basi leo naongea.

Sitakuambia habari za sabuni, wala kamba ya sanduku, wala namna ya kukaa na wenzako bwenini. Hayo mama yako ameyasema mpaka kuku wanayajua. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, isipokuwa mama yako peke yake.

Unanijua. Malolo nzima inanijua. Nimesoma hadi darasa la tatu, la nne nililiona dirishani, na kwa hilo la tatu nimefanya mambo ambayo wenye la nane wanayasikia tu. Enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza, wakati Nachingwea kulikuwa na mitambo mingi kuliko watu, mimi ndiye niliyeendesha trekta kubwa kuliko yote, lile lililokuwa likivuta mnyororo na kulaza miti kumi kwa mpigo. Mzungu aliyetusimamia akishindwa kitu anasema, "Mwiteni Issa." Siku moja trekta hilo lilizama matopeni mpaka kwenye usukani. Nililitoa kwa mikono miwili, na siku hiyo nilikuwa na homa.

Umecheka, najua. Mama yako naye hucheka hapo hapo, kisha husema, "Kidogo, kaka. Tuambie kile kidogo."

Kile kidogo ni hiki. Kazi yangu ilikuwa kubeba madebe ya dizeli. Kiti cha trekta nilikikalia mara moja, dereva alipokwenda chooni, nikashuka kabla hajarudi.

Nimeanza na hilo ili ujue barua hii yote nimeiandika kwa kile kidogo. Ni mara yangu ya kwanza, na mkono unaniuma.

Ulikuwa na miaka sita, kwa hiyo unakumbuka vipande tu. Mwaka huo wa karanga nilipata likizo nikarudi nyumbani wakati wa palizi, nimevaa kaptula mpya ya kaki na kofia. Kofia ile ilikuwa kofia kweli, hilo halina kidogo. Mama yako akaniita nyuma ya jiko.

"Kaka, kuna kitu kwenye titi langu la kushoto. Kama choroko. Hakiumi."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipopanda ufuta. Shemeji yako Bakari anataka tuondoke kesho, twende hospitali ya misheni. Lakini mwenye neno ni wewe."

Unajua desturi yetu Wamwera. Baba analisha na kulea, lakini neno kubwa la nyumba ni la mjomba, kaka wa mama. Mtu wa nyumba yetu akienda kuolewa, au safari ya mbali, au kukatwa na kisu, anayesema nenda au kaa ni mimi. Na mjomba hasemi kwa kichwa chake. Anakwenda kwenye kaburi la mama, anaomba, anamwaga unga wa mtama pale chini, anaufunika kwa chungu na kuuacha ulale. Asubuhi anafunua. Unga ukiwa umesimama kama ulivyowekwa, wazee wamekubali. Ukiwa umemomonyoka, safari hakuna.

Siku ile walikuja ndugu za baba yako kutoka Nanganga, wanaume sita, wamekaa wakinitazama. Watu wengine humwaga unga kiasi cha ngumi. Nikasema moyoni, hawa leo lazima warudi kwao na la kusimulia. Nikaagiza ungo mzima. Nikamwaga taratibu, kilima kikapanda, kikachongoka, kikawa kama kichuguu. Mmoja wao akasema, "Ala!" Hiyo ala ilinilevya, Somoe. Nikaongeza.

Kisha nikachukua chungu, nikafunika. Na chungu kikagusa.

Hakuna aliyeona. Hata mimi sikuona, nilihisi kwa mikono. Ncha ya unga ilikuwa ndefu kuliko tumbo la chungu. Chungu kilisita kidogo, halafu kikashuka, kama mguu unapokanyaga mahali fuko alipochimba. Nilijua hapo hapo. Nilitakiwa kuinua chungu, nicheke, niseme, "Jamani nimezidisha, tuanze upya." Basi, hayo tu. Mimi mwenye maneno ya kujaza behewa la treni sikuyapata hayo machache. Wanaume sita walikuwa wananitazama. Nikapangusa mikono, nikaweka kofia vizuri.

Asubuhi tukafunua. Unga umelala chini kama ng'ombe aliyechoka. Nikasema kwa sauti ile ya mjomba, unaijua, "Wamekataa. Haendi mtu."

Baba yako unamjua. Maneno yake ya siku nzima unaweza kuyafunga kwenye ncha ya kanga na nafasi ikabaki. Aliniangalia, akasema, "Shemeji, una hakika?"

"Unawauliza wazee swali?"

Hakuuliza tena. Alichukua jembe akaenda shamba, akalima mpaka giza, siku hiyo na zilizofuata.

Nikarudi Nachingwea kwenye madebe yangu. Choroko ikawa korosho. Korosho ikawa yai la njiwa. Ufuta ukakomaa, ukakatwa, ukasimamishwa kukauka, ukakung'utwa, na mama yako bado yuko nyumbani kwa amri ya kofia yangu. Kila nilipoinua debe, mikono ilikumbuka chungu.

Katika miezi hiyo ndipo mama yako alipoanza lile jambo lake la jioni. Wewe unadhani nyumba zote hufanya hivyo. Hazifanyi. Lilianza siku moja kitoweo kilikuwa mlenda kwa mara ya nne mfululizo, ukalia, ukasukuma bakuli. Mama yako akalifunika sufuria la ugali kwa mkono. Akasema, "Haonji mtu mpaka kila mmoja aseme leo kimekuja nini ambacho hatukukiita." Ulifikiri, kamasi zinakutoka, ukasema, "Kimekuja kinyonga, mlangoni." Baba yako akasema mvua imekuja wakati yeye bado yuko katikati ya kuiomba. Mama yako akasema, "Mimi kumekuja kucha. Nilidhani leo hakuchi." Mkala mlenda.

Nilipokuja mwisho wa mwezi nikawekwa kwenye zamu na mimi. Nikaanza, "Leo mkubwa wa mradi amenijia mwenyewe kuniomba ushauri."

"Kidogo, kaka."

"Basi si mkubwa mwenyewe, ni karani wake."

"Kidogo zaidi."

Nikatafuta kile kidogo, nikakosa. Mwishowe nikasema, "Nimekuja, nikakukuta hai." Ugali ukapoa pale, hakuna aliyekata tonge. Halafu mama yako akasema, "Hilo ndilo. Kuleni."

Sasa umkumbuke mtani wetu Mzee Chilumba wa Nambilanje, Mungu amrehemu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu kabla ya Wajerumani. Ndiye aliyekuwa akija msibani, anaingia kaburini kabla ya maiti, analala humo, na hatoki mpaka apewe kuku. Alisikia mama yako anaumwa. Akaja kwa miguu, fimbo mkononi, akaanza kupiga kelele tangu njiani.

"Hodi! Huyu maiti bado hajazikwa? Nimetoka Nambilanje na njaa yangu, nije kula ubwabwa wa matanga, nakuta marehemu anapika mwenyewe!"

"Karibu, mtani," mama yako akajibu, hakuacha kukoroga. "Nilikuwa nakusubiri nikuzike wewe kwanza. Kaburi lako fupi, halichoshi wachimbaji."

"Na huyu nani amesimama hapa?"

"Si kaka yangu Issa?"

"Aa! Nilidhani mmeuvisha mwiko kofia."

Tukacheka. Akakaa, akapewa muhogo. Akiwa anatafuna, akauliza kwa nini mama yako hajapelekwa hospitali, au anaogopa wakimkata watakuta ndani hakuna damu, kuna mlenda mtupu? Mama yako akasema, "Wazee walikataa. Unga ulianguka."

Hapo ningekaa kimya, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi ni mimi. Nikaona mtani hajapewa habari kwa ukubwa wake.

"Si unga wa mchezo, mtani," nikasema. "Unga kama ule haujapata kumwagwa Ruangwa yote. Ungo mzima! Kilima kilifika hapa!" Nikaweka mkono juu ya goti.

Chilumba akaacha kutafuna. Akatazama goti langu. Akatazama jikoni. Akainuka, akaenda mpaka kwenye mafiga, akauliza, "Mlifunika kwa chungu gani?"

"Hicho hicho," mama yako akasema.

Chungu kilikuwa na mlenda. Akaumimina kwenye bakuli, akakileta kinadondosha, akakipindua chini, kando ya mguu wangu. Kilifika nusu ya muundi wa mguu.

Mkono wangu bado ulikuwa juu ya goti, nilisahau kuutoa. Chilumba akatazama goti, akatazama chungu, akatazama goti tena, akaanza kucheka polepole kama mtu anayewasha moto wa kuni mbichi.

"Wazee hawakukataa kitu," akasema. "Maskini wazee! Walikuwa wanakubali, wakapigwa chungu kichwani!"

Mwanangu, neno lile lingesemwa na baba yako, lingekuwa ugomvi wa koo mbili. Lingesemwa na mdogo wangu yeyote, ningemwitia kikao. Lakini mtani hana kesi. Ana ruhusa ya kusema mbele ya watu kile ambacho wote tunakizunguka. Ninawashukuru watu wengi katika maisha yangu, na wa kwanza kwenye orodha ni mzee mmoja aliyenitukana jikoni.

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akanitazama. Baba yako, aliyekuwa mlangoni, alisema neno moja, "Kesho."

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba desturi inataka unga umwagwe tena.

"Asimwage huyu!" Chilumba akaruka. "Atatujengea mnara wa msikiti!"

Mama yako akaita, "Somoe, njoo." Hilo hulikumbuki, kila nikikuuliza unasema hapana. Alikushika mkono, tukaenda wote kaburini kwa bibi yako. Akaweka unga kwenye kiganja chako, kiasi kilichotosha kiganja, na kiganja chako wakati huo kilikuwa kama jani la mlenda wenyewe. Ukamwaga. Ukawa kama tonge moja la mtoto. Ukaniangalia ukauliza, "Mjomba, ni kidogo?" Nikasema unatosha. Baba yako, ambaye mambo ya unga hayampendezi, alisimama pembeni, akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mara moja: "Ninyi mwageni unga. Mimi nasoma Fatiha. Daktari ana kisu chake. Mungu atajua mwenyewe amtume nani."

Asubuhi nilifunua. Unga ulikuwa umesimama, na juu ya ncha yake sisimizi mmoja kama muadhini.

Safari ile nimeisimulia mara nyingi, namna nilivyosimamisha lori la karanga kwa kifua changu barabarani. Kile kidogo: lori lilikuwa limesimama, dereva anajaza maji kwenye rejeta. Lakini kabla ya lori tulibeba machela kwa zamu, wanaume wanne, tangu alfajiri mpaka jua la utosi, na Chilumba mbele, na uzee wake ule, akipiga kelele kwa kila tuliyepishana naye, "Pisheni! Tunapeleka mlenda kwa daktari!" Na mama yako ndani ya machela akimjibu tusi kwa tusi. Watu wa njiani walitupa mihogo ya kuchoma na maji, wasiotujua. Nilimsikia mama yako akihesabu kwa sauti ya chini, "Hicho hatukukiita. Na hicho hatukukiita." Mtu amebebwa, ana yai la njiwa kifuani, anahesabu mihogo! Nimeona wanaume wenye nguvu wakilia kwa jino. Mtu kama mama yako sijamwona, na hapa siongezi hata ungo mmoja.

Daktari alisema ni saratani. Alisema titi litatoka lote. Kesho yake asubuhi.

Mchana huo nilimkuta mama yako kwenye banda la kupikia la wagonjwa, anamenya muhogo kama aliyekuja kutembea. Nikasimama. Nikavua kofia.

"Mwanahawa, chungu kiligusa. Nilijua siku ile ile."

Hakuinua uso. "Najua."

"Si ile ya Chilumba, nasema mimi mwenyewe nilijua, mikono yangu ili..."

"Kabla ya Chilumba, kaka. Chungu kilikuwa changu. Nani alikiosha? Nilikuta unga umeshikamana kwenye kitako, ndani."

Nikakaa chini kwenye kuni. "Miezi yote hiyo! Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa naogopa kisu." Akakata muhogo vipande viwili. "Nikisema chungu kiligusa, kesho yake niko njiani. Wewe ulijificha nyuma ya kofia yako, mimi nikajificha nyuma yako. Palikuwa pazuri, pana kivuli." Akatia vipande sufuriani. "Bakari peke yake ndiye aliyesimama juani."

Maji yakaanza kuchemka.

"Kila jioni nimekuwa nikishukuru," akasema, "na kila jioni nilikuwa na kitu kimoja nakiruka. Leo sikiruki. Leo limekuja neno lako, na sikuliita."

Jioni ile alitaka tuombe pamoja. Baba yako alitandika mkeka wake kando ya ukuta. Mama mmoja Mmakua, Mkatoliki, mwenye kitanda cha jirani, alitaka kuondoka atuachie nafasi, mama yako akamshika nguo: "Kaa, dada, na wewe omba kwako. Mimi sina wa kuchagua." Akakaa na rozari yake. Kisha baba yako akasema, "Shemeji, wewe ndiye mkubwa. Tusomee Fatiha."

Sasa mimi nilikuwa nimewaambia watu wote, toka Malolo hadi Nachingwea, kwamba nimehifadhi Yasini nzima. Nikaanza Fatiha. Nikafika katikati, nikakwama. Somoe, nilikwama. Nikaanza tena, nikakwama pale pale. Jasho linanitoka, dada yangu ananitazama, kesho anakatwa. Baba yako hakucheka. Hakunisahihisha. Alianzia pale nilipoachia, kwa sauti ile yake ndogo, akamaliza, akasema "Amin", na yule mama Mmakua akasema "Amina".

Watu wanadhani niliingia dini jandoni. Hapana. Niliingia jioni ile, nilipokwama na mtu niliyemkosea akanimalizia.

Alikatwa. Alipozinduka alipapasa bendeji, akasema, "Wamechukua kipande. Mimi nimebaki." Tulikaa kule mpaka kidonda kikafunga. Siku ya kurudi, sista mmoja mrefu aliyekuwa akimfunga kidonda alimwuliza kama ana huzuni. Mama yako akasema, huzuni anayo, ila ameiacha ishike foleni. Miaka saba sasa, mkono wa kushoto ukivimba anaufunga kitambaa na kulima kwa wa kulia. Amekuzaa mara ya pili kwa kukuhangaikia shule, amewatoa unyagoni wasichana wa kijiji hiki, amemzika Chilumba kwa matusi aliyostahili. Alilala yeye mwenyewe kaburini kwa niaba yake, akadai kuku, akapewa.

Sasa nakuja kwenye jana.

Jumatatu mama yako alikuambia mwenyewe kwamba kuna kitu tena, kwapani. Hakukuficha, wala hakuniita mimi kwanza. Wiki ijayo anakwenda hospitali. Safari hii hakuna atakayeniuliza neno la mjomba, na mimi nimefurahi kutoulizwa. Na wewe ukasema huendi shule, utabaki.

Sisemi humpendi mama yako. Ninasema nilikuwepo barua ya shule ilipofika. Uliisoma mara tatu. Ukamwuliza mwalimu kama bwenini kuna msichana mwingine wa kutoka huku kwetu, akasema hakuna, wewe ndiye wa kwanza. Niliona mikono yako. Ulikuwa unafunga na kufungua ncha ya kanga. Na siku zile zote kabla ya Jumatatu ulikuwa unatafuta sababu: mara sanduku dogo, mara kichwa kinauma. Halafu Jumatatu ukaletewa sababu ambayo hakuna mtu mwenye moyo atakayeipinga.

Labda nimekosea. Nimewahi kukosea kwa ungo mzima. Lakini mahali pale napajua, mpwa wangu. Nimeishi pale. Napajua mpaka kivuli chake.

Jana ulipokwenda kisimani nilimwuliza mama yako, "Unaogopa?"

"Sana," akasema. "Ila safari hii naogopea juani." Akapeta kidogo. "Somoe akikaa, kaka, nitapata mtu wa kujificha nyuma yake. Ninajijua. Mwambie aende, asinipe kivuli."

Nikamwambia amwambie mwenyewe. Akasema, "Mimi nikimwambia atalia, na mimi nitalia, na lori litaondoka. Mwandikie wewe. Andika kile kidogo."

Ndiyo hii.

Baba yako atakuwa naye. Mimi nitakuwa naye. Nimejifunza kupika mlenda, na mlenda wangu unasifiwa kusini yote. Sawa: unashika chini ya chungu, na baba yako anaula bila kusema kitu, kama kawaida yake. Kila jioni tutaulizana lile swali, na zamu yako tutaiacha wazi. Nawe huko bwenini ujibu kwa kuandika, kwa sababu hapa tutakuwa tumefunika sufuria tunakusubiri.

Jua limeingia kwenye mikorosho. Mchana, nikiwa naandika, ulipita hapa, ukaniwekea kata ya maji, hukuuliza naandika nini, ukaenda. Maji yalikuwa ya baridi. Hicho ndicho changu cha leo, na sikukiita.

Nimetoka sasa hivi kaburini kwa bibi yako. Nimemwaga unga wa safari yako, kiasi cha kiganja. Chungu ni kile kile. Nilipokifunika niliisikiliza mikono yangu, haikuhisi kitu. Kesho alfajiri tutakifunua, wewe, mama yako na mimi, kabla lori la Nachingwea halijapiga honi.

Na tukikuta unga umeanguka, mwanangu, panda lori.

Mjomba wako,
Issa